Kukombolewa: Pasaka, Mtunya na makapu mawili ya mtama

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya Pasaka, mhariri hunipa kazi ile ile. "Tuandalie kitu cha maana ya Pasaka," anasema, na sote wawili tunajua kitakavyokuwa: kauli ya askofu Mkatoliki, kauli ya askofu Mwanglikana, bei ya kuku wa kienyeji soko la Majengo, nauli za mabasi ya mikoani, na onyo la polisi kwa wazazi wanaowaacha watoto wazurure siku ya sikukuu. Habari hiyo nimeiandika mara sita. Ukibadilisha tarehe na bei ya kuku, zote sita ni habari moja. Neno "maana" huwa linaishia kwenye kichwa cha habari.

Mwaka 2024 nilifanya ujanja. Niliituma mapema, nikazima simu, na Alhamisi Kuu nikapanda gari la Mvumi kwenda kwa bibi mzaa mama. Mvumi iko kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma, na Kanisa la Anglikana lipo pale tangu enzi za Wajerumani. Kuna hospitali, kuna shule, na kuna vikongwe wanaojua nyimbo za Kigogo kuliko mchungaji mwenyewe. Bibi yangu ni mmoja wao. Kitambulisho chake cha taifa kinasema alizaliwa 1938. Yeye anasema kitambulisho hakikuwepo siku hiyo.

"Mbukwa, mume wangu," alinipokea. "Umekuja kula au umekuja kufunga?"

Nikamwambia, kwa majivuno kidogo, kwamba nimeacha nyama na bia Kwaresima nzima. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ni Kwaresima ya mwenye friji," alisema. "Sisi zamani hatukufunga. Ghala ndilo lililotufunga."

Msomaji wa Tanga au wa Bukoba labda anahitaji kuelezwa kalenda ya uwanda huu. Hatuna vuli na masika kama pwani. Tuna mvua moja, inaanza Desemba na kukoma Aprili, na mwaka mzima inafika kama milimita 500 au 600 hivi, ikitaka. Ikichelewa wiki tatu, umekwisha. Unapanda Desemba, unapalilia Januari na Februari, na mtama na uwele unavuna Mei mpaka Juni. Kwa hiyo miezi ambayo jembe linataka nguvu zako zote ndiyo hiyo hiyo ambayo ghala limebaki na vumbi. Sasa hebu weka Kwaresima juu ya kalenda hiyo. Jina lenyewe lina asili ya Kilatini, ni hesabu ya siku arobaini, na kila mwaka siku hizo zinaangukia kati ya Februari na Aprili. Nayo Pasaka, kwa kuwa inafuata mwezi mpevu baada ya usiku na mchana kulingana mwezi Machi, haiwezi kuja kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25. Ndizo siku zenyewe ambazo mahindi mabichi, kunde na maboga vinaanza kuingia chunguni.

Huko Ulaya Pasaka ni sikukuu ya baridi kuisha. Ndiyo maana kadi zake zina maua, mayai na vifaranga. Wamisionari wa CMS waliofika Mpwapwa mwaka 1876 walikuja na kalenda hiyo mkobani, na uwanda ambao haujawahi kuona theluji ukaipokea kwa sababu zake wenyewe. Nimekua nikisikia watu wazima wakiita mahindi ya kwanza "mahindi ya Pasaka", na sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni jina tu, kama vile viazi vya Kigoma.

Ijumaa Kuu tulikwenda ibada ya mchana, ile ya Maneno Saba ya Msalabani, saa sita mpaka saa tisa. Mhubiri alikuwa kijana, ana sauti nzuri, na neno alilolipenda siku hiyo lilikuwa "tumekombolewa". Nililihesabu, ni ugonjwa wa kazi: mara 11. Tulivyorudi nyumbani Bibi akakaa kwenye mkeka na ungo wa mlenda, akaanza kuchambua majani, na bila kuniangalia akasema:

"Mama yangu alikombolewa, unajua?"

Nikajibu najua, alibatizwa hapa hapa Mvumi.

"Sisemi kuokoka. Nasema kukombolewa. Kwa ng'ombe."

Kabla ya kusimulia alichonisimulia, lazima nirudi nyuma mpaka vita, maana Bibi alianza katikati, kama wazee wote, na mimi ilinibidi nikatafute mwanzo baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika uwanda wa kati, ilifika kwa miguu na kwato. Wiki Takatifu ya mwaka 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer, Mwafrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, yaliingia Kondoa Irangi. Jumatano ya wiki hiyo ilikuwa Aprili 19, na Pasaka ilikuwa tarehe 23. Mvua ile ile inayotuletea mahindi ikawakwamisha matopeni, farasi wao wakafa kwa wingi, na mwezi Mei wakapigana na Wajerumani pale pale Kondoa. Julai wakaingia Dodoma na kuishika reli. Kwenye makanisa ya CMS hali ilikuwa mbaya tangu mapema: Wajerumani walikuwa wamewazuia wamisionari Waingereza, kwanza Kiboriani karibu na Mpwapwa, kisha Tabora, na walimu Waafrika wa misheni walikamatwa kwa tuhuma za upelelezi. Pasaka ile, vijiji vingi havikuwa na wa kuwasomea Injili.

Majeshi hula. Hilo vitabu vya vita hulipitia haraka mno kwa ladha yangu. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na Waingereza walipowafukuza wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Nchi ambayo hata katika amani inaishi kwa hesabu ya debe na mwezi ilibaki bila akiba, bila mifugo ya kubadilisha na chakula, na bila mikono ya kulima. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, ya 1917 mpaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana, kugombania. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa undani, anataja vifo 30,000 katika watu 150,000 wa eneo la Dodoma. Mmoja kati ya kila watano. Shuleni nilisoma vita hivyo kwa majina ya majenerali na Mtunya sikuisikia hata siku moja, nami nilikuwa nakaa dawati la tatu katika shule iliyojengwa juu ya makaburi yake, kwa namna ya kusema.

Mama yake Bibi alikuwa na miaka sita au saba. Baba yake alikuwa amerudi kutoka upagazini na kidonda cha mguu kisichopona. Ng'ombe waliisha, wengine wakiwa wamechukuliwa na jeshi, wengine walikufa. Mdogo wake wa kiume alikwisha kufa. Wakatembea kuelekea mashariki, kwenye milima ya Ukaguru, ambako mvua haina choyo kama kwetu. Katika nyumba moja walipewa makapu mawili ya mtama, na mtoto akabaki.

Nikaandika kwenye daftari: "aliuzwa". Bibi hajui kusoma sana lakini anajua mwandishi anapokosea.

"Umeandika nini hapo?"

Nikamsomea.

"Futa. Hakuuzwa. Aliwekwa."

Tukakaa kwenye neno hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kilichouzwa, alisema, kimekwenda, hata ukikutana nacho njiani si chako. Kilichowekwa kina mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuwa maskini, anaweza kuwa mbali, anaweza hata kuwa amekufa bila wewe kujua, lakini kila mtu pale nyumbani anajua kwamba kitu hiki kina mtu wa kukijia. Kwa Kiswahili cha mjini tungesema rehani. Kumweka mtu rehani wakati wa njaa lilikuwa jambo linalojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na wengi waliowekwa hawakurudi. Mstari kati ya kuweka na kuuza ulikuwa mwembamba, na kilichoutenganisha ni kama kuna mtu alitokea au hakutokea.

Mtama wenyewe uliisha kabla mwezi mwingine haujaandama. Mtoto alikaa misimu mitatu. Baba yake alipopona mguu akaenda kukata mkonge Kimamba, upande wa Kilosa, akakusanya mishahara mpaka akapata mtamba mmoja. Kuhusu ile nyumba ya Ukaguru, Bibi anasimulia mambo mawili, yote kwa sauti ile ile bila kupendelea. La kwanza, kwamba mama yake alikula walichokula watoto wa pale, na alipougua walimuuguza. La pili, kwamba alikuwa akienda kuchota maji kabla ya watoto wengine kuamka, na mwaka wa tatu watu wazima walikwisha anza kuongea habari za kumwoza kwa kijana wa pale pale, ndoa isiyo na mahari, maana mahari angelipwa nani?

Baba alifika mahindi yakiwa mabichi. Alikuwa amekonda, ana ndevu, kavaa shati la mkonge. Mtoto alimwona akadhani ni mtu wa kodi, akakimbilia ndani. Akasimama uani, hakuingia, akamwita kwa jina la utotoni ambalo pale Ukaguru hakuna aliyelijua. Jina hilo Bibi hulisema kwa kunong'ona, na sitaliandika hapa.

"Ndiyo nikakwambia alikombolewa," alimaliza. "Yule kijana kanisani analisema neno kama mtu anayesoma bei. Mkombozi ni yule anayerudi."

Usiku sikulala vizuri. Mimi ni mtu wa maneno, nalipwa kwa maneno, na hili nilikuwa nimelisikia kila Ijumaa Kuu ya maisha yangu bila kuuliza lilifanya kazi gani kabla ya kuingia kanisani. Maneno mengi ya dini yetu tuliyakopa kwa Waislamu wa pwani, nao kwa Kiarabu: dhambi, toba, rehema, sadaka, msalaba, Injili. Hayo yalikuja yakiwa tayari yamevaa kanzu. "Kukomboa" lilitoka sokoni na barabarani. Ulikomboa shamba lililowekwa kwa deni, ulikomboa mateka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wakinunua watoto katika soko la watumwa la Zanzibar, miaka mitano kabla halijafungwa, na kitendo hicho kiliitwa kukomboa. Tukubali pia kwamba watoto wale hawakurudishwa kwao. Walikaa kijiji cha misheni, wakafuata kengele ya misheni, wakalima shamba la misheni. Bibi angeuliza swali lake: nani aliwajia?

Pasaka yenyewe, ile ya kwanza ya Waisraeli, ina jambo hili ndani yake. Katika kitabu cha Kutoka, mara tu baada ya watumwa kutoka Misri, sura ya 13 inaagiza kwamba kila mtoto wa kiume wa kwanza akombolewe, na kwamba mtoto akija kuuliza maana yake, mzazi amsimulie. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo chuoni kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimeona kwamba inasema wazi kabisa: mtoto atauliza.

Halafu kuna swali lililowasumbua wanateolojia wa Ulaya na Mashariki kwa karne nyingi. Kama Kristo alitoa fidia, aliyepokea ni nani? Katika karne ya 3 Origen wa Alexandria alielekea kusema ni shetani, kwa kuwa ndiye aliyewashika watu. Mwishoni mwa karne ya 11 Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alilikataa jibu hilo. Shetani, kwake, hana haki ya kulipwa chochote, deni lilikuwa kwa Mungu. Makanisa yaliyokuja kwetu yalibeba zaidi jibu la Anselm, au jamaa zake, na hesabu yake ni safi kama ya mahakamani. Hadithi ya Bibi haikai kwenye jibu lolote kati ya haya mawili. Waliopokea mtamba hawakuwa mashetani. Walikuwa wamemlisha mtoto misimu mitatu. Hawakuwa watakatifu pia. Na malipo hayakumaliza uhusiano, kama nitakavyoeleza. Sijui ningeandikaje hilo kwenye mtihani wa teolojia, lakini ndiyo mara ya kwanza swali lile liliniingia mwilini.

Nilikuwa nimebeba kitabu. Si kitabu hasa, ni fotokopi iliyochakaa ya *Utenzi wa Enjili Takatifu* wa Mathias Mnyampala, niliyoitoa maktaba enzi za chuo. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wanamjua Mnyampala kwa ngonjera: vijana wa shule wamesimama mistari miwili, mmoja anauliza, mwingine anajibu, Azimio la Arusha linasifiwa. Ngonjera zile zilitoka vitabuni mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha fariki Juni 1969. Kwa maoni yangu zimemfunika. Mtu aliyeandika *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* mwaka 1954, akiwa mwenyewe Mgogo, wakati historia za makabila zilikuwa zikiandikwa zaidi na maofisa wa wilaya, anastahili kukumbukwa kwa zaidi ya vijana waliosimama mistari miwili.

Alizaliwa Novemba 18, 1917, Ihumwa, mashariki mwa mji wa Dodoma, jirani kabisa na pale Mtumba ambapo leo wizara zimejengwa. Hebu tazama tarehe hiyo. Alikuwa mtoto mchanga Mtunya ilipoanza. Katika kila watoto watano wa umri wake... hesabu hiyo kwa watoto wachanga sitaki hata kuifanya. Alinusurika, akasoma kwa Wakatoliki, akafanya kazi serikalini mpaka uliwali na uhakimu, na akajifunza ushairi wa pwani mpaka akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha washairi, akikaa meza moja na mashehe. Mwaka 1963 Wabenediktini wa Ndanda wakamchapia maisha ya Yesu kwa utenzi, na mwaka 1965 wakachapa *Utenzi wa Zaburi*.

Umbo la utenzi tunalijua: mistari minne, mizani nane kila mstari, vitatu vya kwanza vinakubaliana vina vyao, na wa nne unabeba kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Utenzi wa zamani zaidi ambao nakala yake ya mkono tunaijua ni wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo huko Pate na kuandikwa mwaka 1728, na habari yake ni vita vya Waislamu dhidi ya Herekali, mfalme wa Wakristo wa Rumi. Kwa hiyo Mgogo wa Ihumwa alichukua chombo kilichozoea kubeba ushindi dhidi ya Wakristo, akakipakia Injili. Sijawahi kusikia kwamba mashairi yalilalamika. Utenzi ni mali inayopita mikononi, na kila anayeuchukua anaurudisha na kitu juu yake.

Ukiusoma kwa macho, utenzi mrefu unachosha, nakiri. Usiku ule niliusoma kwa sauti ya chini kwa mwanga wa simu, na ndipo nikasikia kile kina cha mwisho kinavyofanya kazi. Habari inakwenda Galilaya, inakwenda Yerusalemu, vina vitatu vinabadilika kila ubeti, na kila mara, hata umeenda mbali namna gani, kile kimoja kinatokea. Chumba cha pili Bibi alikohoa akauliza naongea na nani.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Ngoma za akina mama zilikuwepo, na wale waliotoka Dar es Salaam na magari yao walikuwepo, wakipiga picha. Somo lilikuwa Injili ya Yohana sura ya 20: Mariamu Magdalena yupo kaburini asubuhi, anamwona Yesu anadhani ni mtunza bustani, mpaka anapoitwa jina lake. Hapo Bibi akanipiga kiwiko. Si kwa upole, kiwiko cha mbavu hasa, na macho yake yako mbele kama mtu asiyefanya kitu.

Sasa, mimi ni mwandishi wa habari na lazima niseme ninachokishuku. Mama yake Bibi alibatizwa miaka ya 1930, baada ya Dayosisi ya Central Tanganyika kuanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers. Tangu hapo aliisikia Yohana 20 kila Pasaka mpaka alipokufa, na Bibi ameisikia kila Pasaka mpaka leo. Hadithi ya baba uani na hadithi ya bustani zimekaa nyumba moja karibu miaka 90, na vitu vikikaa pamoja hivyo husuguana. Labda baba aliingia tu ndani moja kwa moja. Labda hapakuwa na ndevu. Nilimweleza Bibi hivyo, kwa adabu, tukiwa njiani kurudi.

"Kwani wewe unadhani ipi ilianza kusimuliwa kwetu?" akauliza. "Mama alinisimulia ya baba yake kabla sijajua kanisa lina mlango upande gani."

Tukaendelea kutembea. Kisha akaongeza kwamba yule Mariamu lazima alikuwa na njaa, maana mtu mwenye njaa huwa haoni sura vizuri. Nimesoma maelezo kadhaa ya aya ile, na hilo sijalikuta.

Tulikula mahindi ya kuchoma, maboga, kunde mbichi, na jogoo mmoja ambaye bei yake sitaitaja. Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Nilipokuwa nakula nilipiga hesabu ya tarehe kwenye simu, mazoea mabaya, nikaona kwamba Pasaka ya 1918 nayo ilikuwa Machi 31. Sikumwambia mtu. Niliweka gunzi chini, nikachukua lingine la kutafuna.

Mahindi ya kwanza kabisa hayakuwa yetu. Yalikuwa kwenye kiroba kando ya mlango, yamefungwa kwa kamba ya katani, pamoja na maboga mawili na chupa ya samli. Ni ya Gairo. Wajukuu na vitukuu wa ile nyumba ya Ukaguru wanakaa huko sasa, wana duka la pembejeo barabarani, na kila Pasaka kutoka kwetu kinakwenda kiroba. Nao mwezi wa saba huleta maharage. Mimi nilikua nikiwaita wajomba wa Gairo na kuamini kwamba ni ndugu wa damu. Kumbe baba yule alipotoa mtamba, alifunga safari tena msimu uliofuata, akapeleka mahindi, na hakuna aliyemwagiza. Nilimuuliza Bibi kama yale ni shukrani au ni deni. Akasema swali hilo ni la mtu wa benki.

Jumatatu ya Pasaka nilikibeba kiroba mpaka stendi kuu ya Dodoma, kutafuta basi linalopita Gairo kwenda Morogoro. Jua lilikuwa kali, stendi imejaa watu wanaorudi makazini, na nilikuwa na mahindi mawili ya kuchoma kwenye mfuko wa rambo niliyopewa ya njiani. Nikampa konda moja. Akakataa kwa mkono kifuani.

"Nimefunga, kaka."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ilikuwa Ramadhani. Nikaomba radhi, akacheka, akasema umri wake huu haogopi harufu. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, na tuliongea kidogo habari za mvua za huko, nzuri pia. Kisha akakinyanyua kiroba, akakipima kwa mkono, akatoa kalamu ya wino mzito.

"Mzigo wa nani huu?"

Nikamtajia jina na namba ya simu, akaviandika ubavuni kwa herufi kubwa.

"Umelipiwa?"

Nikasema bado, nikatoa 5,000.